Mfongo, Foleni na Seva: Historia ya Kupima Mzigo Kabla Umma Haujafika

Kila huduma ya umma ni ahadi yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hutamkwa wazi: mwananchi akifika atahudumiwa. Sehemu ya pili hutamkwa mara chache, nayo ndiyo ngumu zaidi: watakapofika wote kwa wakati mmoja, bado kila mmoja atahudumiwa. Historia ya utawala katika nchi yetu inaweza kusomwa kwa kuifuata ahadi hii ya pili. Ilikuwapo foleni ya kodi bomani, ikaja foleni ya kahawa kwenye mzani wa chama cha msingi, ikaja foleni ya sukari na sabuni katika miaka ya mwanzo ya 1980. Leo ipo foleni ya nne, ya maelfu ya simu zinazoomba ukurasa uleule kutoka seva ileile, dakika chache kabla ya usiku wa manane wa siku ya mwisho ya maombi.

Foleni hii ya nne haionekani. Aliyesimama kwenye mzani wa kahawa aliona migongo ya waliomtangulia, akakadiria saa atakayofikiwa, na akimwona mtu anapenyeza gunia lake mbele alipiga kelele. Anayeomba kwa simu huona duara likizunguka tu. Hajui kama yuko wa tatu au wa elfu thelathini, na hajui kama foleni yenyewe bado ipo au imekwisha kuvunjika.

Wataalamu wa kompyuta wana utaratibu wa kuipima foleni hii kabla haijatokea. Huuita majaribio ya mzigo: programu hujifanya umati, hutuma maombi ya bandia kwa maelfu, na wataalamu huangalia seva inapoanza kulegea. Nataka kufuatilia historia ya utaratibu huo kwa sababu una siasa ndani yake, ingawa hufanyika katika vyumba ambavyo wanasiasa hawaingii. Hoja yangu ni hii: jaribio la mzigo huwa la haki pale tu maombi ya bandia yanapofanana na watu halisi watakaokuja. Idadi kubwa peke yake haithibitishi kitu. Nitaanzia Machame, ambako elimu ya kugawa uwezo mdogo kwa waombaji wengi ni ya kale kuliko waya wa simu.

Elimu ya zamu mlimani

Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Machame mwishoni mwa miaka ya 1840, katika enzi ya Mangi Mamkinga, alikuta jamii ya wakulima iliyokuwa na mpangilio wake. Sehemu moja ya mpangilio huo ni mifongo, mifereji ya asili inayochepusha maji kutoka mito ya mlimani, kama Kikafu na Weruweru, na kuyapeleka kwenye vihamba vya migomba na, huko chini, kwenye mashamba ya ulezi. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliisifu mifongo kama kazi ya uhandisi. Mwanahistoria ana sababu ya kuisifu zaidi kama kazi ya utawala.

Tazama tatizo lilivyokuwa. Mto una kiasi fulani cha maji, na kiasi hicho hupungua wakati wa kiangazi, yaani wakati uleule ambapo kila mwenye shamba anayahitaji zaidi. Waombaji hawafanani: mmoja yuko karibu na banio, mwingine yuko mwisho wa mfereji ambako maji hufika yakiwa yamepungua njiani kwa kupenya ardhini. Mmoja ana kihamba kidogo, mwingine ana eneo pana. Ukigawa maji kwa kuhesabu vichwa tu, wa mwisho hafikiwi.

Jibu la wazee lilikuwa zamu, pamoja na uongozi wa kuisimamia. Ukoo wa mwanzilishi wa mfongo ulikuwa na sauti yake, watumiaji waliitwa pamoja kusafisha na kukarabati, na aliyekwepa kazi alitozwa faini. Mahali pengine yalijengwa mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku, ili yale ambayo yangepotea watu wakiwa wamelala yatumike asubuhi. Wahandisi wa seva hufanya jambo hilohilo wanapoweka ghala la muda kati ya mwombaji na chanzo.

Nisieleweke vibaya. Mifongo haikuwa pepo. Iliakisi nguvu za koo na za mamangi, na ugomvi wa maji ulikuwapo. Lakini waliosimamia mfongo walikuwa na kitu kimoja ambacho msimamizi wa seva hana kwa urahisi: walimjua kila mwombaji, kihamba chake kilipo, na maji huchukua muda gani kumfikia. Uwezo wa mfereji ulipimwa kwa kumtazama mtu wa mwisho.

Ombi lilivyopata vichwa

Elimu ya kuhesabu umati usiofahamika kwa majina ilizaliwa kwingine, kwenye simu za waya. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha utafiti wa jinsi simu zinavyoingia kwa bahati nasibu, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria laini zinazohitajika ili wateja wachache tu wakose nafasi. Kanuni hizo bado zinatumika. Zina dhana moja ya kukumbuka: kwamba kila anayepiga simu ameamua kivyake, bila kujua wengine wanafanya nini. Serikali inapotangaza tarehe ya mwisho ya maombi huivunja dhana hiyo, kwa kuwa tangazo lenyewe huwapangia watu saa ya kufika.

Wavuti ilipoanza kutumika mwaka 1991 kutoka mikononi mwa Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, ombi lilikuwa mstari mmoja tu: nipatie ukurasa fulani. Seva haikuambiwa nani anaomba, kwa lugha gani, wala kwa chombo gani. Mwezi Mei 1996 ulichapishwa waraka RFC 1945, ulioandika rasmi toleo la 1.0 la itifaki ya HTTP, na humo ombi likawa na vichwa. Toleo la 1.1, lililochapishwa Januari 1997, likalazimisha kila ombi litaje pia jina la tovuti linayoiendea.

Mtumishi wa umma ataelewa vichwa hivi haraka, kwa kuwa ameandika barua rasmi maisha yake yote ya kazi. Barua rasmi haina kiini peke yake. Juu yake kuna anuani, kuna tarehe, kuna Kumb. Na., kuna YAH. Masjala husoma hayo kwanza, na kwa hayo huamua jalada gani litolewe na barua iende kwa nani. Vichwa vya ombi la wavuti hufanya kazi hiyo: kimoja hueleza kivinjari kinachotumika, kingine lugha ambayo msomaji anaitaka, kingine kama simu inaweza kupokea data iliyobanwa ili kuokoa bando. Kingine hubeba kuki, alama ya kumtambua mtu aliyekwisha kuingia, na kingine hubeba tokeni inayothibitisha kwamba anaruhusiwa.

Vigezo vya ulizo ni jambo la pili. Hivi hukaa kwenye anuani yenyewe, baada ya alama ya kuuliza, kila kimoja kikiwa na jina na thamani yake. Tuchukue anuani ya kubuni: /matokeo?mwaka=2024&kituo=S0000&mtahiniwa=0001. Ukurasa ni mmoja, lakini maswali yanayoweza kuulizwa ni mengi kama watahiniwa walivyo. Ukibadilisha tarakimu moja, umeomba jibu jingine, na seva inapaswa kwenda kulitafuta upya.

Umati wa bandia na makosa yake

Zana za kujifanya umati zilikuja mara baada ya vichwa. ApacheBench ilitoka mwaka 1996, na mwaka 1998 Stefano Mazzocchi akaanza JMeter, ambayo hadi leo hutumika kwa majaribio ya mzigo. Baadaye zikaja Locust na k6. JMeter, Locust na k6 zinaweza kutuma vichwa vya aina yoyote na kubadilisha vigezo kwa kila ombi. Shida ni mazoea ya anayezitumia. Amri fupi kabuliko zote ni ile inayotuma ombi moja, lisilobadilika, mara elfu kumi. Ni rahisi kuiandika, na grafu yake hupendeza kwenye ripoti.

Ombi hilo linapima nini? Seva nyingi huwa na kashe, ghala la majibu yaliyokwisha kutolewa. Ukiuliza matokeo ya mtahiniwa mmoja mara elfu moja, hifadhidata inaweza kuulizwa mara moja, na majibu 999 yakatoka ghalani. Ripoti itasema mfumo unahimili maombi elfu moja kwa sekunde, nayo haitakuwa imedanganya. Siku ya matokeo watahiniwa elfu moja watauliza maswali elfu moja tofauti, ghala litakuwa tupu, na hifadhidata itaelemewa.

Kosa la pili ni la vichwa. Jaribio lisilobeba tokeni ya ruhusa hukataliwa mlangoni, na kukataliwa ni kazi nyepesi kwa seva. Mpimaji asiyekagua majibu atahesabu maelfu ya makatazo kama maelfu ya mafanikio, tena ya kasi. Jaribio lisilobeba kuki huenda likaonekana kama mgeni mpya kwa kila ombi, ilhali mwananchi halisi huingia mara moja, akajaza kurasa tano, akapakia cheti, kisha akarudi kurekebisha jina. Na tovuti yenye kurasa za Kiswahili na za Kiingereza huwa na majibu ya aina mbili. Aliyeipima kwa Kiingereza pekee amepima nusu ya nyumba, pengine nusu isiyo na watu.

Kosa la tatu ni la mwendo. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni nyepesi kuieleza: idadi ya walio ndani ya foleni ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa kwa muda ambao kila mmoja hukaa. Maombi 200 yakiingia kila sekunde, na kila moja likichukua sekunde 3, ndani kuna maombi 600. Muda ukiongezeka hadi sekunde 10, ndani kuna 2,000, ingawa hakuna mtu mpya aliyeongezeka. Hapo watu huanza kubofya tena, na kila mbofyo ni ombi jipya, hivyo kasi ya kuingia nayo hupanda.

Kanuni hii inaihusu Machame moja kwa moja. Jaribio hufanywa mara nyingi na kompyuta iliyo karibu na seva, kwa mtandao wa kasi. Simu iliyo kwenye bonde la mlima, yenye mnara mmoja wa mbali, hupokea jibu polepole, na kwa muda wote huo hukalia nafasi kwenye seva. Maelfu ya simu za namna hiyo huielemea seva tofauti na maelfu ya kompyuta za mjini, hata kama idadi ni ileile. Anayeishi mwisho wa mfereji hubadilisha hesabu ya mfereji mzima.

Historia ya siku za kwanza

Makosa haya yamekwisha kuzigharimu serikali tajiri. Tarehe 1 Oktoba 2013 Marekani ilifungua tovuti ya kuuza bima ya afya kwa umma, HealthCare.gov. Siku chache kabla, jaribio lenye watumiaji mia kadhaa tu liliielemea, na bado ilifunguliwa kwa tarehe iliyopangwa. Nyaraka zilizotolewa baadaye na kamati ya Bunge zilionyesha kwamba siku ya kwanza watu sita ndio waliokamilisha usajili.

Kisa cha Australia kinafundisha zaidi, kwa sababu huko walipima. Kwa sensa ya tarehe 9 Agosti 2016, ofisi ya takwimu iliwahakikishia wananchi kwamba mfumo ungeweza kupokea fomu milioni moja kwa saa. Usiku huohuo tovuti ilifungwa, ikakaa imefungwa kwa takriban saa 40. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba yalikuwapo mashambulizi madogo ya kuijaza tovuti maombi, ya aina iliyotarajiwa, lakini kinga na maandalizi havikuwa vimejaribiwa ipasavyo. Walipima idadi ya fomu njema zitakazoletwa na watu wema, usiku ambao haukuwa na watu wema peke yao.

Kwa Afrika Mashariki, kisa kikubwa ni cha jirani zetu Wakenya. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya vituo yalipaswa kutumwa kwa simu hadi kituo kikuu Bomas, Nairobi. Vifaa vilinunuliwa kwa kuchelewa, mfumo wa kupokea ukazidiwa na kukwama, na Tume ikarudi kwenye fomu za karatasi. Mahakama ya Juu, katika hukumu yake ya mwaka 2013, iliukubali uchaguzi huo, ikieleza kwamba teknolojia ni nadra kuwa kamilifu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka wanaharakati wakitazame. Wakenya walilipeleka suala la majaribio bungeni. Marekebisho ya sheria za uchaguzi ya mwaka 2016 yaliitaka Tume kuijaribu, kuithibitisha na kuisambaza teknolojia ya uchaguzi angalau siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Jambo lililokuwa la mafundi likawa wajibu wa kisheria, ambao raia anaweza kuudai mahakamani.

Sheria haikuponya kila kitu. Mwaka 2017, siku chache kabla ya kura, Tume ilitangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 havikuwa kwenye eneo lenye mtandao wa kasi wa kutosha, na maofisa wangelazimika kusogea mahali penye mawimbi. Mwisho wa mfereji ulikuwa umegunduliwa kwa kuchelewa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na miongoni mwa masuala yaliyoizito Tume ni kutotimiza amri ya kufungua seva zake zikaguliwe. Lakini mwaka 2022 picha za fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi kwenye tovuti, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzifungua na kujumlisha mwenyewe. Kati ya 2013 na 2022 kulikuwa na miaka tisa ya madai.

Nyumbani

Tanzania imepiga hatua kubwa katika kipindi hichohicho. Mkongo wa SEACOM uliwashwa Julai 2009. Wakala wa Serikali Mtandao ulianza mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaufanya Mamlaka. Malipo ya serikali yamehamia kwenye mfumo wa GePG, kiasi kwamba namba ya malipo imekuwa sehemu ya lugha ya kila siku.

Tuna hata mfano mzuri wa usanifu ambao hausifiwi vya kutosha. Baraza la Mitihani limekuwa likiweka matokeo kwenye kurasa zilizokwisha kuandaliwa, kila shule na ukurasa wake, ambao hubaki vilevile kwa kila anayeufungua. Seva haihitaji kuiuliza hifadhidata chochote. Inatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa, kama mwalimu anayebandika orodha kwenye ubao wa matangazo. Njia hiyo huhimili umati kwa gharama ndogo. Ina bei yake pia, kwa kuwa anayetafuta alama zake huona za darasa zima. Ndiyo sababu ninasema uamuzi wa usanifu ni uamuzi wa sera: hapa faragha imebadilishwa na uhimilivu, na umma haujawahi kuulizwa kama unakubali biashara hiyo.

Faragha inatuleta kwenye vigezo vya ulizo kwa mara ya pili. Kinachoandikwa kwenye anuani hubaki kwenye kumbukumbu za seva, kwenye historia ya kivinjari, na kwenye kompyuta ya dukani ambako mtu aliomba msaada. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mfumo unaoiweka namba hiyo kwenye anuani unaiandika ukutani. Jaribio la mzigo linalotumia namba halisi za wananchi huiandika mara elfu kumi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na mpimaji makini ana njia rahisi ya kuiheshimu: atengeneze namba za kubuni zenye umbo lilelile.

Kwa wanafunzi, neno la tahadhari. Kutuma maombi elfu kumi kwa seva ya mtu bila ruhusa yake hakuitwi jaribio. Mwezi Julai 2023 huduma za eCitizen za Kenya zilivurugwa na kundi lililozimiminia maombi kupita kiasi. Kifundi, kazi hiyo na ya mpimaji zinafanana sana. Kinachozitenganisha ni idhini. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inauhesabu uvurugaji wa mfumo wa kompyuta kuwa kosa. Pima mfumo wako, au ule uliopewa kibali cha maandishi kuupima.

Steshenari na anuani moja

Nimebakiza mwombaji mmoja ambaye majaribio mengi humsahau, naye ni wa kawaida kabisa katika Machame na katika vijiji vingine vya nchi hii. Ni yule anayekwenda steshenari. Hana kompyuta, simu yake haipakii vyeti, kwa hiyo anamlipa kijana wa dukani amjazie fomu. Katika wiki ya mwisho ya maombi ya vyuo au ya mikopo, kompyuta moja ya dukani inaweza kuhudumia makumi ya waombaji kwa siku, wote wakitoka kwenye anuani moja ya mtandao, kivinjari kimoja, vichwa vilevile.

Mfumo uliowekewa kinga dhidi ya mashambulizi hutazama nini? Hutazama anuani moja inayotuma maombi mengi yenye vichwa vinavyofanana. Kwa macho ya mashine, steshenari ya kijijini inafanana na mshambuliaji, na kinga huifungia. Kampuni za simu nazo hupitisha wateja wengi kwenye anuani chache za pamoja, hivyo adhabu inaweza kuwaangukia hata walioomba kila mmoja kwa simu yake. Mwenye intaneti yake nyumbani mjini hapatwi na jambo hilo. Anayefungiwa ni yule aliyelipa nauli ya bodaboda kufika dukani, na ambaye kesho atalipa tena.

Hapo ndipo ninaposema kwamba vichwa na vigezo ni suala la haki ya kijamii. Mfumo unapolegea hauwalemei wote sawasawa. Mwenye mtandao wa kasi hupenya kwa jaribio la tatu, mwenye muda hurudi saa nane usiku, na mwenye ndugu ofisini hupiga simu. Tangazo la kuongeza muda wa maombi, ambalo tumelizoea hadi tunalisubiri, ni kukiri kwamba jaribio la mzigo lilifanywa na wananchi wenyewe, kwa bando zao na kwa hofu zao.

Tudai nini

Mtumishi wa umma anayepokea mfumo mpya kutoka kwa mkandarasi aulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. Maombi ya majaribio yalikuwa na vigezo tofauti vingapi? Yalibeba vichwa vya mtu aliyeingia kwa ruhusa yake, anayesoma Kiswahili? Yalitumwa pia kwa mtandao wa polepole, na kutoka anuani moja yenye waombaji wengi? Majibu yalikaguliwa yaliyomo, au yalihesabiwa tu? Ripoti inayotaja idadi ya maombi kwa sekunde bila kujibu maswali hayo irudishwe.

Wanaharakati wadai kwamba muhtasari wa majaribio hayo uchapishwe kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa, na kwamba huduma zenye tarehe ya mwisho zipimwe kwa mujibu wa sheria, kama Kenya ilivyofanya kwa uchaguzi. Wanafunzi wa kompyuta wachukue mada hii kwa tasnifu zao, kwa kuwa hakuna mtaalamu wa nje atakayeijua steshenari kuliko wao. Na wanaopanga kalenda za serikali watawanye tarehe, kwa kanda au kwa herufi za majina, maana zamu ilikuwa jibu mlimani na bado ni jibu.

Waliochimba mifongo waliujua uwezo wa maji yao kwa kutembea hadi kihamba cha mwisho na kutazama kama udongo umelowa. Mpimaji wa seva ya umma anaweza kufanya safari hiyo bila kuondoka kwenye kiti chake, kwa kuandika mistari michache zaidi kwenye jaribio lake. Tuanze kuiomba mistari hiyo kwenye mikataba.